Gawio la madini liende kwenye utafiti wa betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wabunge wetu kuhusu madini ya kinywe (grafiti). Haya ya Mahenge na kwingineko ndiyo malighafi ya ncha hasi katika betri nyingi za lithiamu, zikiwemo za simu na pikipiki za umeme. Usafishaji wake hadi kufikia kiwango cha betri hufanyika zaidi China, kisha sisi tunauziwa betri iliyokamilika. Inauma.

Kisheria, Serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni kubwa za uchimbaji. Sehemu ya gawio la hisa hizo, yaani mgao wa faida, itengwe kila mwaka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Tusiwaachie wafanyabiashara peke yao. Mwanasayansi John Goodenough na wenzake waligundua malighafi ya ncha chanya ya betri ya lithiamu katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1980. Betri ya lithiamu ikaingia sokoni 1991. Mwekezaji gani angesubiri hivyo?

Zahanati zinazotegemea umeme wa jua zinahitaji betri zinazostahimili joto la Lindi, na mafundi wa kuzitengeneza zikiharibika. Bajeti ijayo ianze na maabara moja.

Msomaji wenu,
Morogoro