Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: nguruwe nao wapewe dawa

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,

Yah: dawa ya minyoo aina ya tegu kwa nguruwe wa vijijini

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mkazi wa wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mchuuzi wa nguruwe. Nilinunua mmoja mmoja vijijini, nikakusanya, nikapakia kwenye Fuso hadi Mbeya mjini, na wengine wakaendelea na safari mpaka Dar es Salaam, kunakochomwa kitimoto. Biashara hiyo nimeiacha. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wachuuzi tunalijua pengine kuliko hata wakaguzi wa nyama, na hatukuwahi kulisema kwa kuwa lingetumwagia mboga.

Jambo lenyewe liko chini ya ulimi.

Mchuuzi akifika bandani hamuulizi mwenye mali kama nguruwe ni mzima. Anamwangusha ubavu, mwenzake anamkalia mabega, kijiti kinapenyezwa kati ya taya asije akang'ata, kisha ulimi unavutwa kwa kitambaa maana unateleza. Unafuta povu, unaupindua, unapitisha kidole gumba upande wa chini, taratibu, kutoka shinani kwenda nchani. Kama kipo utakisikia kidoleni kabla hujakiona: kivimbe kidogo, kama punje ya mchele uliolowekwa. Sisi tuliziita hivyo hivyo, punje. Na kelele za nguruwe wakati huo! Kijiji kizima kinajua ni nguruwe wa nani anayekaguliwa, na wakimwona mchuuzi anaondoka mikono mitupu, jibu wamelipata.

Ila mara nyingi hatukuondoka mikono mitupu, na hapo ndipo penye dhambi yangu. Nikikuta punje nilitoa nusu ya bei. Mwenye nguruwe alikubali, angefanyaje na mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya michango? Nguruwe wa namna hiyo hapelekwi kwenye machinjio yenye mkaguzi na muhuri. Anachinjwa usiku nyuma ya kilabu, anakatwakatwa, anakaangwa harakaharaka, na mtu aliyekwisha kunywa komoni lita mbili hachunguzi katikati ya mnofu kama pameiva. Hata ulimi msafi usikudanganye. Nguruwe mwenye punje chache anaweza kuwa nazo moyoni na mapajani, ulimini hana hata moja.

Wewe una wataalamu, hunihitaji mimi nikufundishe habari za tegu. Lakini barua ni ya wazi, na wapo watakaoisoma wakidhani haya ni mambo ya wala nguruwe tu. Punje zile ni watoto wa tegu. Mtu akizila kwenye nyama isiyoiva, tegu anakua ndani ya utumbo wake mpaka mita mbili, tatu, wengine hadi saba, na mara nyingi mwenyewe haumwi kitu. Mwilini mwa tegu kuna pingili kama za muwa. Zile za mkiani hukatika na kutoka na choo, na pingili moja hubeba mayai kama 50,000. Nguruwe akila kinyesi hicho anapata punje. Hadi hapo ni mchezo kati ya mtu na nguruwe. Tatizo ni kwamba mtu naye anaweza kuyameza mayai yale yale, kwa mikono isiyonawa ya aliyempikia au kwa maji ya kisima, na kwake yanafanya kile kile yanachofanya kwa nguruwe. Punje zinaota kwenye misuli, machoni, na kwenye ubongo.

Kwa hiyo anayekuletea punje za kichwani si nguruwe. Ni binadamu mwenye tegu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne kutoka jamii ya Wayahudi wa New York wanaoshika dini, watu ambao nguruwe hawamgusi, waliokutwa na punje hizo kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi ambako tegu ni wengi. Ndugu zangu Waislamu mnaosoma hapa, na Wasabato, kutokula kitimoto ni jambo moja, na anayekukandia chapati ni jambo jingine.

Mheshimiwa, mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2017, msimu wa kuchuma kahawa, alidondoka jikoni kwangu, akakakamaa, povu likamtoka, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafiga. Waliokuwepo walirudi nyuma. Huku kwetu wengi bado wanaamini kifafa kinaambukiza kwa lile povu, kwa hiyo mkono uliendelea kuungua watu wakiangalia. Mimi niliyemvuta nilichelewa, nilikuwa uani nikihesabu nguruwe. Baada ya hapo tukatembea: kwa mganga, kwenye maombi, kwa mganga mwingine. Alitengewa kikombe chake na sahani yake. Miaka miwili ilipita kabla hatujauza nguruwe sita ili apigwe picha ya kichwa mjini. Daktari akatuonyesha vidoa kwenye picha. Niliviona nikanyamaza, kwa sababu nilivijua. Vidole vyangu vilivijua.

Daktari akauliza kama kuna mtu nyumbani anayeona vipande vyeupe kama tambi kwenye haja kubwa. Nikasema hapana. Tulipofika nyumbani nikaanza kuangalia. Ni mimi.

Nilirudi peke yangu, nikapewa vidonge, tegu akatoka. Hakuna aliyeniambia kwamba mayai yaliyoingia kichwani mwa mdogo wangu yalitoka kwangu. Nilichoambiwa ni kwamba aliye hatarini zaidi ni yule anayekaa nyumba moja na mwenye tegu. Sasa anakunywa dawa ya kifafa kila siku, hajaanguka kwa miezi mingi, lakini pikipiki haendeshi tena. Sahani yake tumeirudisha kabatini pamoja na zetu.

Si yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa tegu huyu, na kwenye jamii zilizo hatarini zaidi hufika asilimia 70. Watafiti waliokadiria hali ya Tanzania kwa mwaka 2012 walipata karibu watu 18,000 wenye kifafa cha namna hii, na vifo zaidi ya 200 ndani ya mwaka huo mmoja. Hapa Mbozi, na kule Mbulu, watafiti wamekuja na kurudi miaka mingi. Tumetoa damu, tumetoa choo kwenye vikopo, nguruwe wetu wametobolewa shingo. Tunajulikana.

Najua utakachoambiwa na wasaidizi wako: wananchi wajenge vyoo na wafungie nguruwe. Ni kweli, na tunaambiwa kila mkutano wa kijiji. Lakini njoo uone mwaka wa nguruwe ulivyo. Wakati wa kilimo wanafungwa, kwa sababu nguruwe mmoja akiingia kwenye mahindi ya jirani kesi inaishia kwa mtendaji. Mavuno yakiisha pumba zinapanda bei, na mwenye nguruwe watatu anawafungulia wajitafutie. Wanakojitafutia ni pembezoni mwa mashamba, na shambani hakuna choo hata kwa mtu ambaye nyumbani kwake kipo. Mwingine choo anacho, mlango ni gunia. Nguruwe anajua kusukuma gunia.

Ukaguzi nao, nisamehe, kwa jinsi ulivyo unaficha ugonjwa. Nguruwe akikutwa na punje nyama inazikwa au kuchomwa, na mwenye nguruwe haambulii senti. Basi nani atampeleka machinjioni nguruwe anayemshuku? Kadiri mkaguzi alivyo mkali ndivyo kilabu kinavyopata nyama ya bei nafuu. Sisemi ukaguzi ufutwe. Nasema ukianza na kisu cha mkaguzi umechelewa miezi mingi.

Nguruwe ni wako, mgonjwa ni wa Wizara ya Afya, choo ni cha halmashauri. Wenzako wa Afya walau wameanza bila kukusudia: ile prazikwanteli wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho inamuua na tegu, na hapa Mbozi imewahi kupimwa ikaonekana kusaidia. Kwa watu wazima wanakwenda kwa tahadhari, na wako sahihi, maana dawa hiyo ikimkuta mtu mwenye punje kichwani inaweza kumwangusha kifafa. Kwa nguruwe hakuna kikwazo cha namna hiyo. Dozi moja ya oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, inaua punje kwenye nyama, na nguruwe hachinjwi mpaka majuma kadhaa yapite. Chanjo nayo ipo, inaitwa TSOL18, na inatengenezwa India. Kule Tumbes, kaskazini mwa Peru, walitibu watu na nguruwe kwa pamoja na kuwachanja nguruwe, na maambukizi yakakatika kwenye vijiji 105 kati ya 107. Nguruwe wa Tumbes wanazurura kama wa kwetu.

Juni 2025 kampeni ya chanjo ya mifugo ilizinduliwa Bariadi. Ikaja chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ya sotoka ya mbuzi na kondoo, na ya mdondo wa kuku, na serikali ikatia mkono wake kwenye gharama. Tulifurahi, kuku wangu walichanjwa. Nguruwe wangu walikuwa wamelala pale pale pembeni ya banda la kuku.

Ombi langu ni hilo tu. Kwenye mikoa yenye tegu, dawa ya nguruwe iingie kwenye ruzuku kama ya wanyama wengine, na igawiwe wiki ile ile watoto wanapomeza vidonge shuleni. Nguruwe aliyetibiwa awekwe hereni sikioni, ili mchuuzi alipe bei kamili bila kumvuta mtu ulimi. Wachuuzi watakuunga mkono haraka kuliko unavyodhani. Nguruwe wa nusu bei ana faida usiku mmoja, ila hasafirishiki.

Nimebaki na wawili, jike na dume, wa kufuga tu. Watoto wao sita watauzwa Krismasi, kama ilivyo kwa nguruwe karibu wote wa kata hii. Kwa hesabu ya majuma ya kusubiri, dawa ingetakiwa itufikie kabla ya Oktoba kuisha. Kijiti na kitambaa bado ninavyo. Afisa mifugo akija nitamshikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa zamani wa nguruwe,
Mbozi, Songwe