Betri ya pili haijai, na ya kwanza inaamka imechoka

Fundi, habari za kazi.

Nina gari la fowili la dizeli lenye betri mbili. Ya kuwashia injini iko mbele, chini ya boneti. Ya pili, AGM (betri ya risasi iliyozibwa) ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, iko nyuma ya viti vya abiria, na kazi yake ni friji, taa za ndani na kuchaji simu. Katikati yao kuna rilei ya kutenganisha, ile inayofuata volti: zikifika 13.3 inaziunganisha betri, zikishuka hadi 12.8 inaziachanisha. Yote haya niliyakuta yameshafungwa nilipolinunua gari, na aliyeyafunga hakuacha hata kipande cha karatasi chenye mchoro.

Tatizo ni hili. Hata nikishinda barabarani kutwa nzima, nikiegesha jioni friji hukata usiku wa manane. Kukikucha, stata inazunguka kwa uvivu, ilhali betri ya mbele haikutakiwa kuguswa na friji kabisa.

Mafundi nimeshawaona. Mmoja alisema betri ya nyuma imekufa, ninunue nyingine. Mwingine akasema alteneta imechoka. Wa tatu hata boneti hakufungua. Alisema rilei za namna hii zimepitwa na wakati, nifunge chaja ya DC kwa DC, ile inayopandisha volti za alteneta zifike betri ya pili inapotaka, mambo yaishe. Huenda kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini wote walinielekeza dukani, na hakuna aliyeweka mita upande wa hasi. Basi nikaazima mita, pamoja na ile yenye taya inayokaba waya na kusoma ampea, nikapima mwenyewe. Nakupa namba ili usinijibu gizani.

Injini ikiunguruma na friji likifanya kazi, betri ya mbele inasoma volti 14.1 na ya nyuma 13.2. Ampea zinazoelekea nyuma ni 18. Injini ikishapata moto sawasawa, mbele inashuka hadi 13.7, na hilo halinitishi, kwa kuwa regyuleta nyingi, yaani vidhibiti vya volti za alteneta, zimeundwa kupunguza volti kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo alteneta nimeitoa kwenye orodha ya washukiwa, unikosoe kama nimeharakisha.

Sasa hiyo volti 0.9 inapotelea wapi njiani? Umeme ukiwa unapita, niliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma, nikapata 0.3. Hasi kwa hasi nikapata 0.6. Yaani theluthi mbili ya hasara iko upande ambao hauna hata waya wa kufuata kwa macho, maana hasi ya betri ya nyuma imefungwa kwenye bodi, na bodi ndiyo inayourudisha umeme mbele. Nikaifungua ile bolti. Chini ya kichwa cha waya rangi ya gari ipo karibu yote. Kinachong'aa ni kimduara chembamba tu pale nati ilipouma chuma, na pembeni yake kutu imeanza kunyanyua rangi. Nikachukua waya wa kuwashia gari kwa betri ya gari jingine, nikaunganisha hasi ya nyuma na hasi ya mbele moja kwa moja. Papo hapo betri ya nyuma ikapanda hadi 13.6 na ampea zikafika 26.

Swali langu la kwanza liko hapo. Nikwangue rangi hadi chuma kitupu, nikaze, nipake grisi dhidi ya kutu na kuiamini bodi? Au nivute waya wa hasi mnene kutoka nyuma hadi mbele? Gari langu halina kile kitambuzi cha kisasa kinachokaa kwenye taminali ya hasi kupima umeme wa betri, hivyo kwa upande huo sina kizuizi. Mimi naelemea kwenye waya, kwa sababu bodi ya gari imeungwa vipande vipande na sijui umeme unapita maungio mangapi kabla ya kufika mbele.

Upande wa chanya, waya ni wa 6 mm² na urefu wake ni kama mita 5. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa karibu miliomu 3 kwa kila mita, kwa hiyo kwenye ampea 18 waya peke yake unakula kama volti 0.27. Kinachobaki ndicho cha rilei na fyuzi, na ni kidogo mno. Rilei iliyokuwa imeshalaumiwa haina kosa.

Sababu ya friji kukata nadhani nimeielewa, kwa hiyo sitakuchosha nayo. Asubuhi betri ya nyuma inasoma 12.3, lakini kwenye soketi, kompresa ikizunguka, napata 11.5. Kinga ya friji, ile inayolizima volti zikishuka, imewekwa ngazi ya juu, kwa hiyo friji linadhani betri imekwisha wakati bado ina zaidi kidogo ya nusu. Soketi ni ile ya kiberiti cha sigara. Plagi inachoma vidole, na plastiki ya mdomoni imegeuka rangi ya chai. Hiyo naitoa, naweka plagi ya kukaza kwa kuzungusha, na waya mnene zaidi wenye fyuzi yake.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Asubuhi betri zote mbili zilikuwa zikisoma 12.3, sawasawa kama pacha, ingawa taa ya rilei ilikuwa imezimika. Nilidhani chuma za ndani ya rilei zimegandana. Nikachomoa fyuzi kubwa ya ule waya wa 6 mm², nikawasha injini, na betri ya nyuma bado ikawa inapanda taratibu. Maana yake kuna njia nyingine inayoziunganisha betri.

Nilianza kunyanyua zulia. Chini yake nikakuta waya mwekundu mwembamba, umefungwa kwa tepu nyeusi pamoja na waya za spika kana kwamba umefichwa. Unaanzia kwenye chanya ya betri ya mbele, bila fyuzi yoyote, na unapenya tundu la ukuta wa injini lisilo na mpira wa kukinga. Pale kwenye ukingo wa bati ganda limelika na shaba inachungulia. Ungegusa bati wakati wowote, na sijui ni kitu gani kingeuzuia usiwake moto. Isitoshe, kila stata ilipovuta, betri ya nyuma ilikuwa ikijaribu kusaidia kupitia uzi huo.

Niliuchomoa palepale mbele. Tangu siku hiyo betri ya mbele inaamka ikiwa 12.6 na injini inashika mara moja. Lakini nilipopima ile ncha niliyoichomoa, ilikuwa na umeme! Kwa hiyo upande wa pili umeungwa kwenye betri ya nyuma mahali fulani, na huko nako sijui kama kuna fyuzi. Waya unapotelea nyuma ya plastiki ya ubavuni, karibu na taa za breki. Kwa sasa nimefungua hasi ya betri ya nyuma, na friji limepumzika.

Ninachokuomba, Fundi, ni njia ya kuufuata waya huo bila kuvua plastiki zote, maana vibanio vyake ni vya zamani na vinavunjika ukivitazama tu. Nikishafungua hasi zote mbili, je, inatosha kupima mwendelezo, yaani kama umeme wa mita unapita, kutoka ncha hiyo hadi kwenye kila waya wa kisanduku cha fyuzi cha nyuma, au taa na vifaa vilivyoungwa vitanidanganya kwa kupitisha umeme wa mita? Na nikiupata, kuna sababu yoyote ya kuubakiza? Siioni, labda wewe umewahi kukutana na ufungaji wa namna hii ukajua ulikusudiwa nini.

Kuhusu chaja ya DC kwa DC: AGM nyingi zinataka volti kati ya 14.4 na 14.7 ili zijae kweli, na alteneta yangu ikiwa na moto inatoa 13.7. Hata waya ukiwa mnene kama mkono, betri haitapata kile ambacho alteneta haitoi. Basi yule fundi wa tatu huenda yuko sahihi, ila kwa waya nilionao chaja ingekuwa inavuta kupitia ardhi mbovu ileile, yaani njia ya hasi ya bodi. Nafikiria kuweka 16 mm² chanya na hasi, fyuzi karibu na kila betri, kisha chaja. Je, 16 inatosha kwa chaja ya ampea 25, au niende 25 mm² moja kwa moja?

Na kabla sijatoa hela: betri iliyoishi muda mrefu bila kujaa huwa inaharibika ndani. Nikiijaza kwa chaja ya umeme wa nyumbani, nikaiacha itulie usiku kucha, kisha nikaifungia taa za kuvuta ampea 5 na kuhesabu saa hadi ifike volti 12, ni saa ngapi zinapaswa kuniambia bado ina maisha?

Mimi msomaji wako,
Mwenye betri mbili