Mie niache dawa mbili, yeye damu kidogo tu haendi kutoa

Shangazi, asalaam aleikum, na shikamoo.

Usiku kucha sijafumba jicho, na mwenzangu kalala hapa ubavuni anakoroma. Naandika kwa simu, mwanga nimeupunguza asiamke, nikirukaruka unisamehe.

Karatasi ya kipimo bado iko palepale. Nimeichomeka kwenye fremu ya kioo makusudi. Kila asubuhi anachana ndevu zake huku anaitazama, kisha anachukua funguo za vespa anatoka. Kipimo chenyewe ni damu kidogo tu, kujua kama naye anabeba sikoseli. Jana nilifunga duka mapema ili twende wote, akanijibu, "Mgonjwa ni weye, mie nipimwe nini?"

Mgonjwa ni mie! Sawa. Lakini mtoto tunamtaka wote wawili, na yeye ndiye aliyeanza kulisema.

Watu wa namna yangu unawajua, kwa hivyo sitaeleza mengi. Nilizaliwa nikaitwa msichana, tangu skuli najijua mwanamume, na hapa mjini wateja wangu wa simu mbovu hawajui jina jengine ila hili la kiume. Sindano za homoni nimechoma miaka, sauti imeshuka, ndevu zimeota. Nikaha yetu ipo, kwa jina la kwenye cheti, na kaka yangu ndiye aliyesimama walii. Usinihukumu kwa hilo, tulifanya ili mtoto akija watu wasimwite mwana wa haramu. Na kabla hujauliza: kutaka kuzaa hakunigeuzi mwanamke. Kizazi ninacho, mtoto namtaka, basi.

Daktari niliyempata kwa simu, si wa huku, alinambia wazi kuwa homoni ziachwe kabla ya kutafuta mimba kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa akiwa wa kike. Nikaacha. Hedhi ikarudi. Nasimama dukani Darajani na ndevu zangu naomba pedi, muuzaji ananicheka, "Za shemeji hizo?" Nacheka naye, nalipa, naondoka. Ikaja ya pili, haidroksiyurea, dawa yangu ya sikoseli. Kabla sijaianza nilikuwa mtu wa kulazwa, mifupa inakata hadi nang'ata mto. Nayo inatakiwa iachwe miezi 3 kabla ya mimba. Nibaki na foliki, maji mengi na dua, na kusi likivuma sijui itakuwaje.

Dawa mbili hizo, Shangazi. Yeye hata sindano moja ya kutolewa damu haitaki.

Mie ni SS, yaani ninaumwa, nimeirithi kwa baba na kwa mama. Yeye akiwa AA, yaani hana kabisa, watoto wetu wote watabeba tu, hawataumwa. Akiwa AS, yaani anabeba bila kuumwa, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuwa kama mie. Na dada yake wa tumbo moja ana mtoto aliyevimba vidole vya mikono na miguu hata kutambaa hajaanza, wakampima wakamkuta nayo. Nilimpakata mwenyewe. Vidole vimetuna, vinang'aa, ukivigusa tu analia. Yeye alikuwepo, alimuona. Sasa hajui nini? Au ndiyo anajua, na karatasi haitaki kwa sababu hiyo? Mama yake anasema mtoaji ni Mungu. Sikatai, lakini maabara nayo ipo.

Bi mkubwa wangu, yuko Wete, anasema nirudi nyumbani nivae buibui na ninja mpaka nijifungue, ndevu nani ataziona. Hakusema kwa ubaya, keshaninunulia na kitambaa. Nami najua mimba ya sikoseli si ya kujifungia ndani. Kuna kifafa cha mimba, kuna kuongezwa damu, kliniki lazima niende, na nikiitwa jina lile mbele ya kina mama walioshika kadi zao nitaitikia kwa sauti hii hii. Ninja haifichi sauti. Nguo zile nilizivua nikiwa na miaka 19 nikaapa sizirudii. Nikizivaa kwa miezi tisa nitakuwa nimewakubalia wote waliosema ninajifanya? Au ni nguo tu, nizivae nizivue? Kila nikifikiria hilo kifua kinanibana. Lakini tuliache, silo nililokuandikia.

Usinambie nimwache. Ni mtu mwema. Nikizidiwa ndiye anayenikanda magoti kwa maji ya moto, na siku ile alinibeba ngazi zote mpaka kwenye gari. Jina lile hajawahi kuniita hata akikasirika. Ila ukimtajia kipimo anakuwa mtu mwengine, anainuka anakwenda barazani. Juzi nilimwambia basi, mtoto tusahau, narudi kwenye sindano zangu. Hakujibu. Na mie jioni yake nikanunua doti ya kanga ya kumbebea mtoto, nimeificha chini ya nguo za baridi. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Au nitangulie mie kuacha, labda akiniona nimelala na maumivu atakwenda? Rafiki yangu mmoja anasema huo ni wazimu. Lakini yeye ana watoto watatu na damu yake nzima, atajua nini.

Ninachouliza ni hiki: haidroksi niiache sasa, au nisiiguse mpaka apimwe? Vidonge vimebaki vya siku chache, na Ijumaa ndiyo siku yangu ya kwenda kuchukua vyengine. Yeye Ijumaa keshasema ana harusi ya rafiki yake.

Mie wako,
Mwanakwerekwe, Unguja