Notsi za kupiga picha haziwafikii wasioona

Mhariri,

Mwanafunzi asiyeona anayesoma mtandaoni hakwamishwi na kompyuta. NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure, na TalkBack tayari imo kwenye simu nyingi za Android. Kinachomkwamisha ni faili analotumiwa. Mhadhiri huchapa notsi, huzitoa kwenye karatasi, kisha huzipiga picha kwa simu na kuzipandisha zikiwa PDF. Programu haioni maandishi hapo, inaona picha, basi inanyamaza. Kipimo chake ni chepesi: jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, faili hilo halisomeki.

Dawa ni kupandisha faili lilelile la Word lililochapwa. Kichwa cha mada kisikolezwe wino tu, kiwekewe mtindo wa Heading kwa Ctrl+Alt+1, na vidogo kwa Ctrl+Alt+2. Ikilazimu PDF, tumia Save As. Microsoft Print to PDF huvua alama zote za vichwa. Alama hizo zikiwepo, msomaji hubonyeza H na kuruka mada hadi mada, badala ya kusikiliza kurasa 40 akiitafuta moja.

Linalosahaulika kuliko yote ni lugha ya faili. Notsi za Kiswahili zikiachwa kwenye Kiingereza, husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hata sikio zoefu huambulia nusu. Chagua maandishi yote, ingia Review, Language, Set Proofing Language, weka Kiswahili. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inakijua Kiswahili, ingawa kwa mlio wa debe.

Grafu nayo isiandikiwe "mchoro wa kwanza". Bofya kitufe cha kulia, chagua Edit Alt Text (au View Alt Text), yaani maelezo ya picha yanayosomwa kwa sauti, useme kinachoonekana: mavuno yanapanda hadi mwaka wa nne, kisha yanashuka.

Kwenye majaribio, tatizo ni muda. Swali la kuchagua lenye majibu matano husikilizwa lote, mara nyingi zaidi ya mara moja. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ina Overrides ndani ya kila jaribio, inayomwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine. Ni kazi ya dakika chache, na ifanyike kabla jaribio halijafunguliwa. Saa ikishaanza kuhesabu, mwanafunzi hana nafasi ya kumtafuta mhadhiri.

Wakufunzi wa kompyuta kwa wasioona,
Dar es Salaam