Barua kwa mpwa wangu anayesoma Jehanamu ya Dante

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mama yako ameniambia kwamba muhula huu mmeanza Jehanamu ya Dante, lile shairi refu la Kiitaliano la safari yake kati ya wafu wanaoadhibiwa, na kwamba imeshakuchosha. Unaona ni adhabu juu ya adhabu, na kwa kuwa mtihani utauliza nani yuko duara la ngapi, umeanza kukariri ule mchoro wa duara tisa za Jehanamu hiyo. Nimekuandikia hapa hadharani kwa sababu wanaoukariri mchoro huo ni wengi. Uweke kando kwa sasa. Utakusaidia kujua njia, lakini shairi lenyewe utalikuta kwa watu waliomo.

Mjue kwanza mwandishi. Dante Alighieri alizaliwa Florence, mji wa jimbo la Toscana huko Italia, mwaka 1265. Mwaka 1300 alikuwa mmoja wa viongozi sita waliochaguliwa kuuendesha mji huo kwa miezi miwili. Mji wenyewe ulikuwa umepasuka makundi mawili, Weupe na Weusi (majina ya vyama tu, si rangi za watu), na yeye alikuwa upande wa Weupe. Weusi walipoutwaa mji kwa mkono wa Papa Bonifacio wa Nane, Januari 1302 Dante alihukumiwa kwa tuhuma za rushwa. Machi ikatoka hukumu ya pili: akikamatwa, achomwe moto hadi afe. Hakuuona tena mji wake. Alihamahama akiishi kwa fadhila za watu hadi alipofariki Ravenna mwaka 1321, na shairi hili aliliandika humo humo uhamishoni. Kwa hiyo kila unapokutana na moto ndani yake, kumbuka kwamba anayeueleza ni mtu aliyeandikiwa moto na watu wa kwao.

Ndiyo maana Jehanamu yake imejaa majirani. Utatarajia wafalme na majabari wa kale, nao wapo, lakini wanaosimama kuzungumza naye mara nyingi ni watu wa Florence wanaotaka habari za nyumbani.

Nakuomba usome kanto (yaani sura ya shairi) ya 10 polepole kuliko nyingine zote. Dante na kiongozi wake Virgil, mshairi wa Roma ya kale, wanapita kati ya makaburi yaliyofunuliwa yanayowaka moto ndani, makao ya waliosema roho hufa pamoja na mwili. Sauti inamwita: wewe Mtoskana unayepita hapa ungali hai, lafudhi yako imekutambulisha. Anainuka Farinata degli Uberti, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kifua mbele, kana kwamba Jehanamu yote anaidharau. Huyu alikuwa kiongozi wa Ghibellini, chama cha siasa cha mahasimu wa ukoo wa Dante, na alikufa mwaka 1264, mwaka mmoja kabla Dante hajazaliwa. Anamtazama kijana huyu na kumuuliza: wazee wako ni akina nani? Swali hilo umelisikia kwa bibi yako kila ulipoleta rafiki nyumbani. Dante anajibu, na papo hapo siasa inaanza. Wazee wako hao niliwatawanya mara mbili, anasema Farinata. Na mara zote mbili walirudi, anamjibu Dante, ila watu wako hawajajifunza kurudi. Mmoja yuko kaburini, moto unamla, na bado wanagombania uchaguzi wa jana!

Katikati ya ugomvi huo, kutoka kaburi lilelile kinachomoza kichwa kingine, mpaka kidevuni tu. Ni Cavalcante, baba yake Guido Cavalcanti, mshairi na rafiki mkubwa wa Dante. Anaangaza huku na huku akitafuta mtu, kisha anauliza huku analia: kama ni akili yako iliyokufikisha huku gizani, mwanangu yuko wapi? Mbona hamkufuatana? Dante katika kujibu anamtaja Guido kwa wakati uliopita. Mzee anasimama wima kwa kishindo. Vipi? Kwani hayuko hai? Nuru haimgusi tena machoni? Dante anakawia kujibu, na mzee anaanguka chali, haonekani tena. Farinata hageuzi hata shingo. Anaendelea na siasa yake pale alipoishia, ingawa kijana anayeliliwa ndiye aliyemuoa binti yake.

Sasa unganisha na tarehe. Safari ya shairi imewekwa wakati wa Pasaka ya 1300, na Guido alikuwa hai kweli. Juni ya mwaka huo Dante akaingia katika lile baraza la viongozi sita, na baraza hilo likaamua kuwafukuza wakuu wa pande zote mbili ili mji utulie. Guido alikuwa miongoni mwao. Aliugua huko alikopelekwa, akaruhusiwa kurudi, na Agosti akafariki. Dante alipoandika kanto hii alikuwa anayajua yote hayo. Ndani ya shairi anajieleza kwamba alikawia kumjibu mzee kwa sababu alikuwa anatafakari inakuwaje wafu waone ya mbele na wasijue ya sasa. Mimi siridhiki na maelezo hayo. Naona pale kuna mtu anayeulizwa na baba wa rafiki yake, mwanangu yuko wapi, na mkono wake mwenyewe umo katika jibu.

Kuhusu utungo: wewe umelelewa na mizani 8 za utenzi na 16 za shairi, kwa hiyo hesabu mizani zake, kwa kawaida ni 11 kwa kila mshororo. Beti ni za mishororo mitatu. Mshororo wa kwanza na wa tatu vina vyake ni kimoja. Kina cha mshororo wa pili ndicho kinachoushika wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa kanto. Tafsiri nyingi huipoteza minyororo hiyo. Tafuta chapa yenye Kiitaliano upande mmoja na usome kwa sauti hata usipoelewa; irabu zao ziko karibu sana na zetu.

Liko jambo moja litakaloumiza. Katika kanto ya 28 Dante amemweka Mtume Muhammad (S.A.W.) na Sayyidna Ali miongoni mwa wanaoleta mafarakano, kwa maneno machafu. Huo ndio uzushi uliokuwa ukienezwa Ulaya zama zake, na yeye aliubeba kama ulivyo. Usiuruke ukurasa huo, na usikubali mtu akuambie kwamba ni mapambo ya kishairi. Lakini soma pia kanto ya 4, alikowaweka Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin pamoja na wenye heshima, mahali pasipo na mateso.

Halafu mwulize mhadhiri wako kuhusu Miguel Asín Palacios, kasisi wa Uhispania, ambaye mwaka 1919 alichapisha kitabu akidai kwamba safari ya Dante imechota kutoka kisa cha Miraji, hicho hicho tunachosomewa kila mwezi wa Rajabu. Alipingwa sana, hasa kwamba Dante angekipata wapi. Mwaka 1949 ikachapishwa tafsiri ya kisa hicho kwa Kilatini na Kifaransa cha kale, iliyofanywa mwaka 1264 katika baraza la mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, huko Uhispania. Mtafsiri alikuwa Bonaventura wa Siena, Mtoskana kama Dante. Wasomi bado wanabishana kama Dante aliiona. Mimi naamini ilimfikia, angalau kwa masimulizi. Wewe soma hoja za pande zote mbili kabla ya likizo, tuje tubishane vizuri.

Mjomba wako