Picha za tufe hazihitaji mzigo wa chuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu vifaa vya kupigia picha za tufe, yaani zile picha za nyuzi 360 ambazo mtazamaji huzizungusha kwenye simu akaona mbele, nyuma, juu na hata chini ya miguu yake. Hivi karibuni taasisi moja ya huku Nyanda za Juu Kusini ilitafuta mpiga picha wa kazi hiyo kwa ajili ya vivutio vya utalii, na miongoni mwa masharti yake ilitaka awe na stendi nzito ya miguu mitatu pamoja na kichwa cha chuma cha kuzungushia kamera. Sharti hilo limewaweka kando vijana wenye uwezo, na kwa maoni yangu halina msingi wa kiufundi.

Picha za namna hii hupigwa moja moja kuuzunguka upande wote, kisha huunganishwa kwa programu. Zinaungana vizuri au vibaya kutegemea mahali kamera inapozungukia. Ndani ya kila lenzi, aghalabu karibu na kioo chake cha mbele, mna sehemu ambayo kamera ikizungushwa juu yake, kitu cha karibu na cha mbali hubaki vimelingana vilevile. Ikizungushwa kwenye tundu la boliti lililo chini ya mwili wake, kama stendi ya kawaida inavyofanya, cha karibu huonekana kikihama mbele ya cha mbali, na hakuna programu itakayoviunganisha bila kuacha kovu. Kuitafuta sehemu hiyo hakuhitaji maabara: simamisha fito mbili, moja karibu na nyingine mbali, uzitazame zikiwa zimelingana, kisha geuza kamera kushoto na kulia. Zikiachana, sogeza kamera mbele au nyuma hadi ziache kuachana, na hapo uweke alama ya wino.

Kosa hilo hukua kadiri vitu vinavyokaribia lenzi, jambo ambalo walioandika masharti hawakulizingatia. Katika uwanda wa Kitulo, ambako kilicho karibu ni majani na maua yaliyo miguuni, kupotoka kwa upana wa kidole hakuonekani kabisa kwenye upeo wa macho. Kwenye korongo la Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, mpiga picha husimama katikati ya nguzo za udongo zilizochongwa na maji, nyingine zikiwa karibu sana naye, na huko milimita chache tu zinatosha kuikata nguzo vipande viwili. Kote kuwili, kilo za chuma haziongezi chochote.

Seti nyepesi inaweza kuwa na kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, lenzi ya jicho la samaki (ile inayoona upana mkubwa mno kwa picha moja), fimbo moja ya kaboni au aluminiamu, bapa la aluminiamu lililokunjwa pembe mraba ili kuishika kamera sehemu ile ya lenzi ikiwa juu ya fimbo, na pima maji dogo la kuhakikisha fimbo imesimama wima. Lenzi ndiyo inayookoa kazi kubwa zaidi. Ukitumia ya milimita 8 kwenye kamera yenye kihisi (kinachopokea mwanga) cha ukubwa wa kati uitwao APS-C, picha 4 hadi 6 zinatosha kulizunguka eneo, ilhali lenzi ya kawaida ya milimita 18 itakudai picha 30 au zaidi, na kabla hujamaliza wingu la Rungwe limeshahama. Fimbo moja pia huacha doa dogo tu chini ya picha, tofauti na miguu mitatu ambayo lazima ifutwe baadaye kwa kazi ya mkono. Bapa hilo fundi aluminiamu wa Mwanjelwa analikunja bila shida, ila aambiwe mapema kwamba boliti ya kamera ni ya robo inchi. Ile ya milimita 6 huingia ikilegea, halafu hula meno ya kamera.

Wako hata wasiobeba fimbo. Hufunga uzi kwenye lenzi, mahali pale palipowekwa alama, wakaning'iniza kizito mfano wa timazi la mwashi, kisha huizunguka kamera wakihakikisha timazi halitoki juu ya alama iliyo ardhini. Kwenye upepo njia hii inasumbua, lakini kwa anayepanda msituni hadi ukingo wa Ziwa Ngozi, uzi hauna uzito.

Nakubali kwamba ndani ya jengo lenye mwanga hafifu, ambako kamera hufungua jicho kwa sekunde nzima, stendi ni ya lazima. Nakubali pia kwamba kamera za lenzi mbili zinazopiga tufe zima kwa mara moja, kama Ricoh Theta iliyoingia sokoni mwaka 2013, ni nyepesi kuliko yote haya. Kwa kutazamwa kwenye simu zinafaa, lakini vihisi vyake vidogo hushindwa pale kivuli kizito na jua kali vinapokutana, na ukitaka kuchapa bango utajuta. Programu nayo si kikwazo cha fedha, kwani Hugin ni ya bure na imejengwa juu ya kazi ambayo Profesa Helmut Dersch wa Ujerumani aliianzisha mwaka 1998.

Kwa hiyo naziomba taasisi zinazoagiza picha hizi zikague picha yenyewe badala ya begi la mpiga picha. Waombaji waletewe sharti la kuonyesha tufe moja lililopigwa mahali penye vitu vya karibu, na mkaguzi atazame maungio ya nguzo, kamba na kingo za mawe, kisha aangalie ardhi iliyo chini ya kamera. Mkataba nao udai picha zote za awali zisizounganishwa zikabidhiwe pamoja na tufe, ili kazi iweze kuunganishwa upya programu bora itakapopatikana.

Msomaji wako,
Mbeya