Ukifika Washington, nipitie pale

Kaka Salum,

Habari za masiku? Huku wazima. Mama Tatu anakusalimu sana, na Idi mguu umepona ingawa bado anachechemea. Shemeji kaniambia umehamia Maryland, ndiyo maana nakuandikia mbio kabla kazi mpya haijakumeza. Nina ombi.

Hapo Washington kuna jumba la sanaa la taifa, National Gallery of Art. Kiingilio hakuna. Wana mchoro wa mchoraji Mmarekani George Bellows wa mwaka 1909, Both Members of This Club, yaani "Wote Wawili Wanachama wa Klabu Hii", upana wake unapita mita moja na nusu, na mimi nimeujua kwa kioo cha simu tu. Mabondia wawili, mweusi na mweupe. Mweusi kajitupa mbele kwa nguvu zote. Mweupe magoti yanamlegea, uso mwekundu kwa damu. Ila sura zao huzipati vizuri. Sura unazozipata ni za watazamaji chini ya ulingo, midomo wazi, wengine wanakenua. Hapo ndipo ninapokwama, Salum. Wanaoumia hawana sura, wanaoshangilia wanazo!

Na hilo jina la mchoro linaniuma. New York ya wakati ule sheria ilikataza mapambano ya ngumi ya hadhara, lakini klabu za watu binafsi ziliachiwa. Basi klabu kama ya Tom Sharkey, bondia mstaafu, iliyokuwa jirani na studio ya Bellows, zinamwandikisha bondia uanachama wa usiku huo, anapigana, kwisha. Mtu mweusi katika Marekani ile kuitwa mwanachama mwenzao, ilimradi atoke damu mbele yao! Tena haukuwa umepita mwaka tangu Jack Johnson, bondia mweusi, atwae ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, Desemba 1908, na Wazungu wengi walikuwa hawajalimeza.

Thomas Eakins alishamchora bondia Billy Smith miaka kama kumi nyuma, amekaa kwenye kona kati ya raundi, anapepewa kwa taulo. Kazi safi, ya heshima, naipenda. Lakini ya Bellows ndiyo inayoninyima usingizi. Vijana ninaowafundisha kuchora Jumamosi nimewaambia waanze kuchora watazamaji. Idi kagoma, anasema watu wamekuja kuona ngumi. Sijui nimjibu nini, maana hata Bellows mwenyewe...

Basi nenda, kaka. Mchoro wa Bellows umetundikwa siku hizi? Rangi kwenye ule uso wa damu imepakwa nene, au ni simu inanidanganya? Lile giza la nyuma ni jeusi kweli au kahawia? Wanaokenua wanamtazama yupi? Na ukisimama mbele yake, unajiona uko pembeni, au umekaa nao pale chini? Mwalimu Chande hajawahi kukuandikia? Na baridi ya huko mnaiwezaje na watoto?

Kama huna muda wa kuandika, nitumie sauti, hata ndefu.

Wako,
Rajabu